Fremu Yenye Mlango

Mliobaki karakana mmenisumbua tangu siku nilipokabidhi funguo. "Mama, andika. Ukienda na hayo yote kichwani, sisi tutamuuliza nani?" Nimeandika basi, kwa mkono, kwenye meza ya jikoni hapa Sironga, na atakayekuta kosa la herufi akumbuke kwamba niliacha shule darasa la saba. Sitaandika nililipwaje wala nilianza lini kuitwa fundi mkuu, kwa sababu hayo hayamsaidii mtu kukata kioo. Nitaeleza nilivyoanza, aliyenifunza, na kwa nini nimewachosha wateja miaka yote hii nikiwaomba waweke ukutani kitu kilichotoka mkononi mwa mtu, hata kama kimepinda kidogo, kabla ya kununua kile kilichotoka kiwandani.

Nilianza kwa sababu ya ndugu zangu. Mama alitangulia, baba akamfuata muda si mrefu, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu walikuwa wanne. Baba wadogo na wajomba walikaa kikao wakataka kutugawa, mmoja aende huku, mwingine kule, na walifanya hivyo kwa nia njema kabisa, maana hakuna nyumba moja iliyoweza kulisha watoto watano. Nikasema hatugawanyiki. Baba mdogo akaniuliza mbele ya watu, "Na utawalisha nini, maneno?" Kesho yake nikashuka Nyamira mjini kutafuta kazi.

Niliingia kila mlango uliokuwa wazi. Wa mwisho ulikuwa wa kibanda cha mabati nyuma ya maduka, ambako mzee mmoja alikuwa amepiga magoti sakafuni akipima mbao. Huyo alikuwa Mzee Makori, fundi wa fremu za picha. Hakuinua kichwa.

"Unajua kufanya nini?"

"Kupika, kulima na kunyamaza."

"Hilo la tatu ndilo nililokuwa natafuta," akasema. "Chukua hilo gazeti."

Siku ya kwanza sikugusa mbao wala nyundo. Nilisugua vioo kwa magazeti na spiriti mpaka vidole vikanuka kama zahanati. Kila nilipodhani nimemaliza, mzee alikishika kioo kikisimama kwa ukingo, akakiangalia kwa ubavu kwenye mwanga wa mlango, akanirudishia bila neno. Ukikiangalia kioo usoni utaona sura yako tu na utaridhika. Ukikiangalia kwa ubavu ndipo uchafu unajitokeza. Ninyi wenyewe mmenichukia kwa jambo hilohilo, na ninawashukuru kwamba mliendelea kusugua.

Baadaye akanipa kikata kioo, kile chenye gurudumu dogo kama tembe. Alinifunza kukichovya kwenye mafuta ya taa na kukivuta mara moja tu, kutoka upande hadi upande, bila kusita njiani. Kioo hakikatwi. Unakichora mstari, halafu unakiomba kivunjike hapo. Ukirudia mstari mara ya pili kitavunjika kinapotaka chenyewe. Mkwaruzo mzuri una sauti ya kitambaa kinachochanwa taratibu, na mbaya una sauti ya panya. Niliwasikiliza panya wengi kabla ya kusikia kitambaa.

Jioni mzee alinifungia vipande vya mbao vilivyobaki nipeleke nyumbani. Hakuwahi kusema kwamba ni msaada. Alisema, "Hizi zinanijazia karakana." Kwa miaka mingi ugali wa kwetu uliivia kwenye mabaki ya fremu, mengine yakiwa na rangi ya dhahabu, na kaka yangu alikuwa akiwatambia wenzake shuleni kwamba hapa Sironga sisi peke yetu ndio tunaochoma dhahabu. Hatukugawanywa. Kila mmoja wa wale wanne ana nyumba yake leo, na nikihesabu watu ninaopaswa kuwashukuru, Mzee Makori na mabaki yake yuko juu kabisa.

Kazi yetu kubwa, kama mnavyojua, ilikuwa mazishi. Mtu akifariki, familia inakuja mbio na picha ya kitambulisho, picha inapelekwa studio ikuzwe, na sisi tunatakiwa kuwa na fremu tayari kabla mwili haujatoka mochari. Studio zilikuwa na tabia ya kumpa marehemu suti. Wazee wengi wa huku kwetu walitangulizwa mbele ya majeneza yao wakiwa na tai ambayo hawakuwahi kuivaa siku hata moja ya maisha yao. Baada ya mazishi picha hiyo inapandishwa ukutani, na ikipanda haishuki.

Ninaposema inapanda, ninamaanisha inapanda. Kwetu picha hutundikwa chini kidogo ya dari, zimeinamia mbele, utadhani mababu wanachungulia kujua wageni wamepewa nini na chai. Nilipokuwa mgeni katika kazi niliwaomba watu wazishushe zifike usawa wa macho. Mama mmoja pale Nyaramba alinishika mkono akanivuta pembeni. "Fundi, huyo ni baba mkwe wangu. Unataka nipite nikimgusa kwa bega?" Ile heshima ya mkwe, ambayo sisi tunaiita chinsoni, haiishi kwa sababu mtu amekufa na kuwekwa kwenye kioo. Nikapanda ngazi, nikampandisha mzee wa watu mahali pake.

Chini ya mababu sasa, pale macho yanapofika, ndipo watu walipoweka picha za dukani zilizochapwa kiwandani. Nimetengeneza fremu nyingi za zabibu na glasi ya divai kwa familia za Wasabato ambazo hazijawahi hata kufungua chupa ya bia. Nimetundika maporomoko ya maji ya nchi za baridi katika nyumba ambazo ukifungua dirisha unasikia mto. Sikuwacheka mbele yao. Mtu anataka kitu cha kupumzishia macho, na kama hakuna aliyemwonyesha kingine atachukua kilichopo.

Mimi nilionyeshwa. Siku moja Mzee Makori aliniambia nimsaidie kubeba kioo hadi kwake, na nilipoingia sebuleni nikaona picha moja tu, ya barabara ya udongo wakati wa mvua, imechorwa kwa rangi ya mafuta. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ililetwa kuwekewa fremu na kijana mmoja mpita njia, na kijana hakurudi. Mzee aliiweka karakanani miaka akimsubiri, kisha akaona inapata vumbi, akaihamishia nyumbani. "Naitunza tu. Akija nitampa."

"Kwani ni nzuri?" nikauliza. Kwangu ile barabara ilionekana kama ugali ulioungua.

"Sogea. Zaidi. Hapo kwenye tope, unaona nini?"

Niliona unywele. Unywele mmoja wa brashi, umenaswa ndani ya rangi iliyokauka.

"Huyo mtu alisimama mbele ya hii kitu," akasema mzee. "Brashi yake ilikuwa imechakaa, na hakuwa na nyingine, lakini alimaliza barabara yake. Mimi nikija kutoka kazini nimechoka namkuta hapo. Zile za dukani nikizisogelea nakuta vidoti vya mashine."

Tangu hapo nilianza kusogelea picha, na nilianza kuona ni nyumba ngapi zina sebule zilizojaa picha zisizo na mtu nyuma yake.

Pale Nyansiongo kulikuwa na mfugaji mmoja aliyemwita mchora vibao vya maduka aje amchoree ng'ombe wake bora. Mchora vibao alizoea kuchora soda na mikate. Ng'ombe alitoka na miguu yote minne upande mmoja, na macho kama ya mtu anayedaiwa. Mwenye ng'ombe alilalamikia doa jeusi la begani tu, akalisimamia mpaka likakaa lilipo kweli. Mkewe aliniuliza nikiwa juu ya ngazi, "Fundi, na mimi nikikamuliwa nitapata fremu?" Tulicheka mpaka nikaogopa kuanguka. Ng'ombe yule alikufa miaka mingi iliyopita. Mume naye akafuata. Nilipokwenda kubadilisha kioo, mama huyo aliishikilia picha mwenyewe nilipokuwa nikifanya kazi, akaniambia, "Nikiangalia hili doa namsikia akigombana na yule kijana." Watoto wake walimnunulia televisheni kubwa, akakataa isiwekwe ukuta ule.

Sasa nifike kwa Kwamboka, maana hata kama mtasahau mengine yote nataka mkumbuke kazi niliyomfanyia.

Mzee Makori alikuwa ameshafariki, na karakana ilikuwa mikononi mwangu. Jirani yetu wa mlango wa pili, mnamkumbuka, alikuwa Josefu wa saiba, aliyekuwa akichapa barua, kutoa kopi na kulaminisha. Huku kwetu kitu kikiwa cha thamani kinalaminishwa. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ubatizo, kitambulisho, hata risiti ya shamba. Kinaingizwa kati ya plastiki mbili, kinapita kwenye mashine ya moto, kinatoka kigumu na kinang'aa, na mwenyewe anapumua. Siku hiyo stima zilipotea, wateja wa Josefu wakatawanyika, na msichana mmoja akasimama mlangoni kwangu na mtoto mgongoni akikwepa mvua.

"Mama, naweza ngoja hapa? Fundi hatakasirika?"

"Fundi ni mimi. Kaa."

Alishtuka kidogo, akakaa. Alikuwa Kwamboka, anatoka Nyaramba. Alikuwa mkubwa wa nyumba yao; baba yao alitangulia kufariki, mama yao alikuwa mwalimu wa nasari na alifariki mtoto yule wa mgongoni, Nyanchama, akiwa bado ananyonya. Katikati yao kulikuwa na kaka, Onchari. Wazazi hawapo, watoto wako pamoja, na msichana ambaye shule imemwacha njiani ndiye anayeongoza. Sikumwambia kwamba nilikuwa nasikia habari zangu mwenyewe. Nilimpa chai.

Alikuwa ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili. Nikamuuliza ina nini.

"Ni ya kulaminisha. Mama alituchorea picha mbili, za kuweka kwa nyumba. Hatuna kingine alifanya na mkono yake. Nyumba inavuja na moshi ni mingi, kila mtu anasema nilaminishe."

"Na ile nyingine iko wapi?"

Akaitoa. Ilikuwa imeshalaminishwa katika soko la karibu na kwao. Zamani ilikuwa migomba na kuku. Sasa ilikuwa matope ya kijani na njano yaliyobanwa ndani ya plastiki, kana kwamba mtu ameikanyaga kabla haijakauka. Mama yao alitumia krayoni za watoto wa nasari, zile za nta, na nta ikikutana na moto inayeyuka. Fundi wa mashine hakujua, Kwamboka hakujua, na picha ilishatoka upande wa pili.

"Waliniambia labda karatasi ilikuwa mbaya," akasema. "Hii ya pili karatasi ni nzuri."

"Lakini krayoni ni zilezile?"

Akaitoa hiyo ya pili akaiweka juu ya meza yangu, na mtoto akashuka mgongoni akaja kusimama karibu.

Ilikuwa beseni la bluu. Ndani ya beseni kulikuwa na mtoto mchanga anaogeshwa, mdomo wazi, anapiga kelele. Kutoka ukingo wa karatasi ilikuja mikono miwili ya kahawia ikimshika, mmoja chini ya shingo, mwingine juu ya tumbo. Aliyekuwa akiogesha hakuonekana. Alikuwa amejichora mikono tu.

"Mtoto ni huyu," Kwamboka akasema. "Na mikono ni ya mama."

Nyanchama hakungoja tumalize. Aliweka kidole juu ya karatasi, akakipitisha kwenye mkono wa shingoni, polepole, kutoka kwenye kiganja mpaka kwenye kidole gumba. Yule mama alikuwa amekandamiza krayoni kwa nguvu, nta imekaa nene, na kidole cha mtoto kilipanda na kushuka.

"Anafanyaga hivyo," dada yake akasema. "Ile picha ya matanga anaiogopa, anasema huyo mama amekasirika. Hii ndio anajua."

Stima zilirudi. Tukasikia mashine ya Josefu ikilia, na Josefu mwenyewe akapaza sauti kutoka kwake, "Dada wa bahasha, njoo sasa!" Kwamboka akasimama. Nikamwomba akae tena. Nilimweleza kwamba moto wa mashine utafanya kwa beseni kile ulichofanya kwa kuku. Nikamweleza fremu: kioo mbele kisichogusa nta, karatasi ishikwe kwa pembe bila gundi, nyuma ifungwe ili wadudu na moshi visiingie. Alinisikiliza, akafikiri, akamwita Onchari kwa simu. Nilimsikia kaka yake akisema kwa sauti kubwa, "Si upige picha na simu tu? Hata ikipotea, iko." Kwamboka akamjibu, "Kwa simu iko tangu mwaka jana, na Nyanchama hajawahi guza simu hivyo." Akakata. Akaniambia nifanye fremu.

Niliifanya, na nilijivunia. Walipokuja kuichukua niliiweka mezani mbele ya mtoto. Aliinua kidole, akakipeleka kwenye mkono, akakutana na kioo. Akakisukuma. Akagonga, kama mtu anayebisha hodi. Kisha akamgeukia dada yake, uso umejikunja.

"Amemfungia."

Alilia kilio ambacho hakina kelele, na hicho ndicho kibaya. Kwamboka akaniangalia. "Toa kioo basi, mama."

Sikuweza kutoa kioo. Nyumba ina moshi wa kuni, na masizi yakikaa juu ya nta hayatoki. Ukisugua unasugua na rangi. Bila kioo picha ingekuwa nyeusi kabla mtoto hajaanza shule. Na nikiacha kioo, mtoto amepoteza mama mara ya pili, na safari hii mimi ndiye niliyemzika. Nikawaambia waniachie picha, warudi wiki ijayo. Sikujua nitafanya nini.

Nilizunguka na jambo hilo siku kadhaa. Ninyi mlioniona wakati huo mlifikiri nina homa. Halafu akaja mteja na mlango wa kabati lake la vyombo, lile la sebuleni la kuweka vikombe vya wageni, kioo chake kimepasuka. Nikakata kioo kipya, nikakiweka, nikaufungua na kuufunga ule mlango kujaribu bawaba. Nikaufungua tena. Nikamwambia mteja arudi kesho, nikaanza kupanga mbao.

Nilitengeneza fremu nene kama kisanduku, na mbele yake mlango mwembamba wenye kioo, bawaba mbili ndogo upande mmoja na kulabu upande wa pili. Kuzunguka mlango nilibandika ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli ili ukifungwa moshi usipate njia. Nyuma nikaweka vipande vya kizibo vya kuitenga na ukuta, maana nyumba za milimani kwetu zinatoa jasho. Kisha nikaenda Nyaramba kuitundika mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida niliwaachia vijana.

Nilichagua ukuta wa ndani, mbali na jiko na mbali na upande unaopigwa na mvua. Nilipopima urefu, shangazi yao aliyekuja kushuhudia alishika kiuno.

"Fundi, hiyo unamtundikia paka?"

"Namtundikia mwenyewe," nikasema, nikamwonyesha Nyanchama.

"Hapo chini hata kuku ataingia achore yake," Onchari akasema. Lakini ndiye aliyenishikia msumari.

Shangazi hakuridhika. Juu, chini ya dari, palikuwa na marehemu wote wa ukoo wamepangwa kwa umri, na mwalimu wa nasari miongoni mwao. Aliona ni kama tumemshusha cheo. Kwamboka ndiye aliyemaliza ubishi. "Shangazi, mama wa matanga yuko pale juu na wenzake. Huyu wa hapa chini anaogesha mtoto. Ataogesha akiwa juu ya dari?" Shangazi akacheka bila kutaka, akaomba chai.

Tukakubaliana sheria. Sabato alasiri, baada ya kanisa, mikono imeoshwa na kukaushwa kabisa, kidole kimoja, bila kukandamiza. Siku nyingine mlango umefungwa. Nyanchama alisikiliza kama anayekula kiapo. Akafungua kulabu, akagusa, akafunga. Mlango ulitoa sauti ndogo ya mpira ukikutana na mbao, na yeye akanitazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Baada ya hapo watu walianza kuagiza fremu yenye mlango, mnajua wenyewe. Wengine waliweka barua za wazazi, mmoja aliweka kitambaa alichoshonewa na bibi yake. Wengi waliitaka kwa fahari tu na hawajawahi kuifungua. Sikuwauliza. Lakini nilipata nafasi ya kuwaambia, na wachache walielewa, kwamba nyumba isiyo na hata kitu kimoja kilichotoka mkononi mwa mtu ina upungufu ambao sofa mpya haiwezi kuujaza. Si lazima mtu huyo awe msanii mwenye jina. Mwalimu wa nasari anatosha.

Mwaka huu, muda mfupi kabla sijawakabidhi funguo, Kwamboka alinipigia simu. Kulabu imeliwa na kutu, mlango haufungi vizuri. Mlitaka kwenda ninyi, nikakataa.

Nyumba ilikuwa imebadilika, ina mabati mapya na sakafu ya saruji, lakini fremu ilikuwa palepale, chini, na hakuna aliyethubutu kuipandisha. Nyanchama sasa ni msichana wa sekondari, mrefu kuliko mimi. Ili kuifikia ilimbidi akae sakafuni.

Kwamboka alinisubiri nifungue mlango, kisha akasimama nyuma yangu. "Fundi, niambie ukweli. Tumeiharibu?"

Beseni lilikuwa bado la bluu, limekolea. Mtoto alikuwa bado anapiga kelele. Lakini ile mikono miwili ilikuwa karibu imekwisha. Kahawia yote ilikuwa imeliwa na kidole, Sabato baada ya Sabato, na karatasi pale palikuwa peupe na paling'aa kama sakafu inayopigwa kiwi. Mfukoni nilikuwa na kulabu mpya, na nilikuwa pia na skrubu. Kazi yangu yote iliniambia nitumie skrubu: fungia kabisa, okoa kilichobaki.

Nikamweleza Nyanchama hivyo, bila kuficha. "Ukiendelea kugusa, mikono haitaonekana tena."

"Tayari haionekani," akasema. Hakuwa na huzuni. "Leta mkono, mama fundi. Nawa kwanza."

Nikanawa. Nikakausha. Nikakaa sakafuni kando yake, magoti yakilalamika. Nami nilikuwa nimeshika picha maisha yangu yote, lakini kwa ukingo. Uso wa picha hatuugusi, ndivyo tulivyofunzwa, na sikuwahi. Akanishika kidole cha shahada.

"Funga macho. Macho yanakudanganya hapa."

Nikafunga. Akaweka kidole changu kwenye ile sehemu nyeupe, akakisogeza. Mwanzoni nilihisi karatasi tu. Kisha nikahisi mfuo. Rangi ilikuwa imeondoka, lakini yule mama alikandamiza sana siku ile, na karatasi ilikuwa imebonyea chini ya krayoni ikabaki hivyo. Nilifuata ukingo wa kiganja. Nilipanda kwenye kifundo. Nilikata kona, nikashuka, na pale ikaja duara ya kidole gumba, wazi kabisa, kimeshika shingo ya mtoto asizame.

"Umempata?" Nyanchama akauliza.

"Nimempata," nikasema, na nikaomba mtu anipe bisibisi niweke kulabu.